Nyumba Inapovunjwa, Nani Anahesabu Kazi Zilizokuwamo?

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa madiwani, wenyeviti na watendaji wa mitaa, wazee wetu, wenye nyumba, wapangaji, na ninyi wafanyabiashara mliofunga shughuli zenu mchana huu ili mje kusikiliza na kusikilizwa,

Nimeombwa nizungumzie ujenzi mpya wa makazi katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, yaani Kariakoo, Ilala, Magomeni, Kinondoni na jirani zake, pamoja na hatima ya biashara ndogo zinazoondoka kila nyumba ya zamani inapoangushwa. Jambo langu ni moja, na mengine yote nitakayoyataja yatakuwa ya kulifafanua. Nyumba inapovunjwa katika jiji hili tunamhesabu mwenye kiwanja, tunahesabu mita za mraba na tunahesabu ghorofa zitakazopanda, lakini katika makaratasi yetu yote hakuna mahali tunapoandika kazi zilizokuwa zikifanyika ndani na mbele ya nyumba ile, wala majina ya watu waliokuwa wakizifanya. Kwa kuwa hawakuandikwa, watu hao hawana cha kulipwa, hawana mahali pa kurudi, na hata wakitaka kulalamika hawana karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kuwapo.

Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba sikuja hapa kuyapinga maghorofa. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji huu ukiwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728, maana yake katika miaka kumi tu tumeongezeka kwa zaidi ya watu milioni moja. Watu hao hawawezi kuishi wote katika nyumba za chini zilizopangwa wakati wa Wajerumani na Waingereza, na kila tunapokataa kujenga kwenda juu tunajenga kwenda pembeni, kuelekea Chanika, Mbagala Rangi Tatu na Bunju, ambako maji, barabara na shule hutufikia tukiwa tumeshachoka kuvisubiri. Kariakoo iko katikati ya jiji, ina mitaa iliyonyooka, ina vituo vya mabasi yaendayo haraka, na inapokea wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni. Kiwanja cha mahali kama hapo hakiwezi kubaki na nyumba ya vyumba sita milele. Ninachouliza ni namna tunavyotoka katika nyumba ile ya vyumba sita kwenda katika ghorofa kumi, na nani anaachwa njiani.

Basi tuiangalie nyumba yenyewe, kwa sababu wengi wanaoidhinisha kuvunjwa kwake huiona kwenye ramani kama mstatili mmoja wenye neno "makazi". Nyumba ya Kiswahili tunayoifahamu sote ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma penye choo, bafu na jiko, na baraza mbele. Chukueni nyumba moja tu ya aina hiyo, ya Magomeni, ambayo naifahamu vizuri na ambayo leo haipo. Chumba cha mbele upande wa kulia kilikuwa duka la rejareja, lenye dirisha la nondo na wavu, ambapo mtoto aliyetumwa aliweza kununua robo kilo ya sukari, mafuta ya kula ya kupima na kiberiti. Barazani upande wa kushoto alikaa fundi cherehani, na mashine yake ilikuwa ikiingizwa ukumbini kila magharibi kwa ridhaa ya mwenye nyumba, bila ya malipo ya stoo. Chini ya mwavuli, ukingoni mwa barabara, palikuwa na meza ya dada anayetuma na kutoa pesa kwa simu. Uani, mama mmoja alipika maharage, mchicha na wali tangu alfajiri, na wateja wake wakubwa walikuwa mafundi wa gereji ya mtaa wa pili na vijana wa mikokoteni. Katika chumba cha nyuma aliishi mjane aliyekaanga maandazi na kuyapeleka shuleni. Fundi viatu alikuwa na kiti na sanduku lake chini ya mwembe wa mbele, na jioni mahali pale pale pakawa pa muuza mihogo ya kuchoma.

Hizo ni kazi saba katika kiwanja kimoja, na hakuna hata moja iliyokuwa imeandikwa kwenye hati ya kiwanja hicho. Zilitegemeana kwa namna ambayo mthamini wa majengo hana safu ya kuijaza. Mama wa uani alichukua mchele na mafuta dukani kwa mkopo wa asubuhi na kuulipa jioni. Fundi cherehani alikula kwa mama huyo na kulipa mwisho wa juma, baada ya wateja kuja kuchukua nguo zao. Mwenye duka aliacha funguo kwa dada wa meza ya simu alipokwenda sokoni kuchukua mzigo. Ilipofika siku ya kuondoka, kila mmoja alipewa notisi yake ya mdomo, naye mwenye nyumba, ambaye kwa kweli alikuwa mtu muungwana, aliwarudishia kodi ya miezi iliyobaki. Kwa mujibu wa mikataba yao alikuwa amemaliza wajibu wake wote.

Nataka nisimame kidogo katika lile duka, kwa sababu hapo ndipo hasara inapoonekana kwa karibu. Watu hudhani mtaji wa duka la mtaani ni bidhaa zilizo kwenye rafu, na kwamba bidhaa zikipakiwa kwenye Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, na kupelekwa Kigogo au Mbezi, duka limehama salama. Mtaji mkubwa wa duka lile ulikuwa daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lenye majina ya kaya za mtaa mzima, na mbele ya kila jina deni la unga, sabuni, mafuta ya taa au vocha. Mwenye duka alijua nani analipwa mshahara tarehe gani, nani ni kibarua wa bandarini asiyekuwa na tarehe, na nani asikopeshwe zaidi ya kiasi fulani. Ujuzi huo aliujenga kwa miaka mingi, na thamani yake ilikuwa ndani ya mtaa ule tu. Mtaa ulipoanza kuvunjwa nyumba baada ya nyumba, wadaiwa walitawanyika kila mmoja upande wake, na madeni yakaondoka nao. Huko alikohamia hakuna aliyemfahamu na hakuna aliyemwamini, naye pia hakuwa na wa kumwamini, kwa hiyo akaanza kuuza kwa fedha taslimu tu, katika eneo ambalo watu hawana fedha taslimu kila siku. Duka lilifungwa kabla ya jengo jipya kufika ghorofa ya pili.

Upande wa pili wa hasara hiyo uko kwa mnunuzi. Mtu anayepata kipato cha kutwa hununua kwa kutwa: kikombe cha mchele, kijiko cha chumvi, mafuta ya kiasi cha kukaangia chakula cha siku hiyo. Maduka makubwa yanayofunguliwa chini ya majengo mapya huuza pakiti iliyofungwa kiwandani na hayakopeshi. Mlinzi, mfanyakazi wa ndani na mfagiaji wa jengo hilo hilo hawawezi kununua humo, nao hutembea mbali kutafuta genge au duka la kupima. Nimewaona wakazi wa majengo ya kisasa, watu wenye kipato kizuri, wakilalamika kwamba mtaa wao hauna mahali pa kushonesha suruali au kununua nyanya mbili saa mbili usiku. Huduma hizo zilikuwapo hapo hapo walipo, zikaondolewa ili wao wapate nafasi.

Sasa niseme kwa nini nyumba hizi zinauzwa, maana si haki kumtupia lawama zote mwekezaji. Sababu kubwa, kuliko tamaa ya mtu yeyote, ni mirathi. Nyumba iliyojengwa na babu katika miaka ya 1940 au 1950 leo ina warithi kumi na tano au zaidi, wengine wako Tanga, wengine Muscat, wengine Toronto, na kila mmoja ana fungu lake. Hawawezi kuigawa nyumba ya vyumba sita, hawawezi kukubaliana nani akusanye kodi, na paa linavuja. Anapokuja mtu mwenye fedha, au anayependekeza ubia ambao familia inatoa kiwanja naye anajenga kisha wanagawana fremu, yaani vyumba vya biashara, na ghorofa, hiyo ndiyo njia pekee iliyo wazi ya kila mrithi kupata haki yake. Mimi siwezi kumlaumu mrithi kwa hilo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo imerahisisha jambo hili, kwa kuwa sasa mtu anaweza kupata hati ya sehemu yake ndani ya ghorofa pamoja na haki katika maeneo ya pamoja. Shirika la Nyumba la Taifa nalo lilizindua sera yake mpya ya ubia mwaka 2022, ili majengo yake ya zamani yaliyo katikati ya miji yaendelezwe kwa fedha za watu binafsi. Kwa hiyo mwenye kiwanja ana sheria, na mwekezaji ana sera. Wa tatu, yule aliyekuwa akifanya kazi katika baraza ile, hana kifungu.

Huenda mtu akaniambia kwamba sheria zetu za fidia ni nzuri, na ni kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Kanuni za uthamini za mwaka 2001 zinakwenda mbali zaidi, kwani zinatambua posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na zinatambua hata hasara ya faida: faida halisi ya biashara kwa mwezi inazidishwa kwa miezi 36. Waliotunga kanuni hiyo walielewa kwamba biashara inayong'olewa haianzi upya kesho yake, bali inahitaji miaka. Lakini kuna mambo mawili yanayomzuia mama wa uani asiifikie. La kwanza ni kwamba kanuni inazungumzia ushahidi wa hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika, na yeye hesabu zake ziko kichwani. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni kwamba fidia hiyo inahusu ardhi inayotwaliwa na Serikali kwa manufaa ya umma. Mwenye kiwanja anapokubaliana na mwekezaji kwa hiari yao hakuna kilichotwaliwa, kwa hiyo hakuna fidia. Mitaa yetu mingi haibadilishwi na Serikali. Inabadilishwa na mikataba ya watu wawili, kiwanja kimoja kimoja, kimya kimya, na kwa sababu hiyo kanuni yetu bora kabisa inabaki ikiwasubiri watu ambao hawatafika kamwe mlangoni pake.

Mpangaji naye amebaki na ulinzi mdogo. Tangu ilipofutwa mwaka 2005 sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango, kinachomlinda mfanyabiashara aliyepanga ni mkataba wake, na mikataba ya fremu ndogo na ya baraza ni ya miezi sita, au ni ya kupeana mikono. Wenzetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Sheria yao ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula inamlinda hasa yule asiyekuwa na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kumwondoa wala kupandisha kodi bila notisi ya maandishi isiyopungua miezi miwili, na mpangaji akipinga, shauri huamuliwa na baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Sheria hiyo haizuii kuvunjwa kwa jengo, kwani nia ya kuvunja na kujenga upya ni miongoni mwa sababu zinazokubalika, na kila anayeufahamu mji wa Nairobi anajua kwamba wafanyabiashara wadogo huko wanaondolewa pia. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mtu anayeondolewa baada ya kusikilizwa na mtu anayekuta uzio wa mabati asubuhi.

Kinachofuata baada ya uzio wa mabati mnakijua. Jengo linapokamilika, ghorofa ya chini hugawanywa kuwa fremu, na Kariakoo fremu haipatikani kwa kodi peke yake. Kuna kodi ya mwaka mzima mbele, kuna haki ya dalali, na juu ya yote kuna kilemba, fedha ambayo hailipwi kwa ajili ya pango bali kwa ajili ya kukubaliwa tu kuingia, na ambayo mara nyingi haina risiti. Fundi cherehani aliyekuwa akilipa kidogo kidogo kila mwezi hawezi kuvuka kizingiti hicho hata kama kodi yenyewe ingekuwa ya huruma. Ghorofa za juu nazo, ambazo katika michoro ziliandikwa kuwa ni makazi, katika mitaa mingi ya Kariakoo zimekuwa maghala ya nguo, viatu na vyombo. Tumevunja nyumba ambamo watu waliishi na kufanya kazi, tukapata jengo ambalo halikai mtu usiku. Napenda mlitafakari jambo hili, kwa maana hoja kubwa inayotolewa kuhalalisha ujenzi huo ni uhaba wa makazi.

Na haraka ya kupata fremu zaidi ina gharama nyingine, ambayo siwezi kupita bila kuitaja. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo liliporomoka Kariakoo, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Wengi wa waliokuwa chini ya kifusi hicho hawakuwa na kauli yoyote juu ya jengo. Walikuwa wapangaji wa fremu, wasaidizi wa maduka na wabebaji wa mizigo. Mtu asiyetambulika katika mpango wa jengo hatambuliki pia katika usalama wake, hana wa kumuuliza kwa nini ukuta umepasuka, na akiuliza huambiwa kwamba wanaoitaka fremu yake ni wengi.

Je, inawezekana kufanya vinginevyo? Ushahidi tunao hapa hapa Magomeni. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za kota ziliondolewa ili eneo lijengwe upya. Zilikaa nje kwa miaka, nyingine zikikata tamaa, hadi mwaka 2016 Serikali ilipoamua kujenga, na Machi 23, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua nyumba mpya. Waliorudi hawakuwa wenye viwanja, walikuwa wapangaji. Walirudi kwa sababu moja kubwa, kwamba orodha ya majina yao ilikuwapo, na kwa muda wote wa kusubiri waliishika orodha hiyo na kuipeleka kila ofisi iliyokubali kuwafungulia mlango. Ninawaheshimu sana wazee wale. Lakini orodha yao ilikuwa ya kaya. Aliyekuwa akiuza mkaa na vitumbua kwa kaya hizo bila kuishi kotani hakuwamo ndani yake, na nyumba zilipofunguliwa hakuwa na mahali pa kuulizia nafasi yake.

Soko la Kariakoo lilitufundisha ugumu wa orodha. Jengo lile lilibuniwa na msanifu wetu Beda Amuli, likajengwa katika miaka ya 1970, likaungua Julai 10, 2021, na Serikali ikalikarabati na kujenga jengo jingine kando yake. Ilipokaribia siku ya kurudi, mwezi Julai 2024, baadhi ya wafanyabiashara walijitokeza hadharani kulalamika kwamba majina yao hayamo katika orodha ya wanaostahili kurejeshwa. Sitaki kuingia katika undani wa madai ya kila mmoja. Ninachotaka kusema ni kwamba hilo lilikuwa soko lenye uongozi, vizimba vyenye namba na wapangaji wanaojulikana, na bado kumtambua mwenye haki ya kurudi kukawa na mvutano. Itakuwaje kwa baraza na uani, ambako hakuna namba wala kizimba?

Jibu ambalo limezoeleka ni kuwajengea wafanyabiashara wadogo jengo lao mahali pengine. Tulilijenga Machinga Complex pale Karume, likakamilika mwaka 2010, na kwa miaka mingi vizimba vingi, hasa vya juu, vilikaa vitupu. Mteja wa fundi viatu ni mtu anayepita njia. Hapandi ngazi kumtafuta fundi, wala hapandi daladala. Kazi zilizoota barazani zinaishi kwa wapita njia na majirani, na ukizipeleka mbali nao, hata katika jengo zuri lenye feni, umezifunga.

Kwa Unguja kuna mfano ninaoupenda zaidi. Ng'ambo ilipopangwa upya baada ya Mapinduzi, mitaa ya nyumba za chini ilivunjwa kupisha majengo marefu ya Michenzani, na watu wa huko wanaeleza hadi leo yale yaliyopotea pamoja na nyumba zile. Miongo kadhaa baadaye, Zanzibar ilipoandaa mpango mpya wa eneo hilo ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, wapangaji walianza kwa kwenda mitaani pamoja na wakazi na kuweka kwenye ramani mabaraza, maskani, maduka na mahali watu wanapokutana, kana kwamba ni rasilimali za mji kama barabara na mabomba. Utekelezaji wa mpango wowote una safari yake, lakini kwa ramani hiyo mtu anayetaka kuvunja hulazimika kwanza kuona anachokivunja.

Ombi langu kwa madiwani ni kwamba tuanze na kitu kidogo kinachowezekana ndani ya mamlaka ya halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 tayari inataka wadau wakutanishwe kabla ya kuandaliwa kwa mpango wa jumla wa eneo, kwa hiyo kusikiliza watu si jambo geni katika sheria zetu. Ombi la kibali cha ujenzi linaloletwa mezani likiwa na michoro, hati na ripoti ya udongo liongezewe ukurasa mmoja wa kuorodhesha kila shughuli ya kujipatia riziki iliyomo katika kiwanja hicho na mbele yake: nani anaifanya, tangu lini, katika eneo la ukubwa gani, na kwa kodi gani. Ukurasa huo uhakikiwe na mwenyekiti wa mtaa, utiwe saini na wahusika wenyewe, na ubandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kibali kutolewa, ili majina hewa yaonekane na waliosahauliwa wapate nafasi ya kusema. Orodha ikifanyika mapema namna hiyo, kabla kilemba hakijatajwa, haitakuwa na mvutano mkubwa, kwa kuwa majirani wote wanajua nani alikaa wapi.

Baada ya orodha, tuweke masharti machache. Notisi iwe ya maandishi na isipungue miezi sita, muda ambao mwenye duka anaweza kukusanya madeni yake na fundi kuwaarifu wateja wake. Ghorofa ya chini itengwe sehemu ya fremu ndogo kweli kweli, za kutosha cherehani moja na meza ya kukatia, kwa sababu kikwazo kingine ambacho hakisemwi ni kwamba majengo mapya yana fremu kubwa kuliko mahitaji ya biashara ndogo, na mtu hulazimika kulipia nafasi asiyoihitaji. Walioorodheshwa wapewe nafasi ya kwanza ya kupanga fremu hizo, bila kilemba, kwa kodi iliyokubaliwa kabla ya nyumba kuvunjwa na isiyopandishwa kwa miaka kadhaa ya mwanzo. Ruhusa ya kuanza kutumia jengo isitolewe hadi mwenye jengo aonyeshe kwamba waliitwa, na kwamba aliyekataa kurudi alikataa kwa saini yake. Wasanifu nao warudishe baraza. Jengo lililo na ukumbi wazi na kivuli upande wa barabara linampa mpita njia mahali pa kujikinga jua na mvua, na linampa fundi viatu mahali pa kukaa bila kuziba njia.

Wawekezaji watasema kwamba tunawapunguzia mapato katika sehemu ya jengo yenye kodi ya juu kuliko zote. Ni kweli kwamba fremu za mbele ndizo zenye fedha, na halmashauri haipaswi kujifanya haioni hivyo. Ndiyo maana fremu ndogo zinaweza kuwekwa upande wa ubavuni na kwenye njia ya ndani, mradi watu wapite hapo, na pale ambapo mifumo ya maji na majitaka inaruhusu, halmashauri inaweza kumwongezea mwekezaji ghorofa moja kama malipo ya kile alichokitenga. Nasema pale inaporuhusu kwa kukusudia, maana kuna mitaa ya Kariakoo ambayo majitaka yake yanatiririka barabarani kwa sababu mabomba yaliyokusudiwa nyumba za chini yamebebeshwa maghorofa, na huko hakuna ghorofa ya ziada ya kumpa mtu.

Kwa wenye nyumba na warithi nina neno pia. Mnapokaa kugawana mirathi na kujadili ubia, mwekeni mpangaji wenu wa siku nyingi katika mazungumzo hayo. Kodi yake ndiyo iliyowasomesha baadhi yenu na kulitengeneza lile paa. Kifungu kimoja katika mkataba wa ubia, kwamba wapangaji wafuatao watapewa fremu ndogo katika jengo jipya, hakihitaji kusubiri uamuzi wa halmashauri wala sheria ya Bunge. Wakili anakiandika kwa dakika chache, na mwekezaji anayekitaka kiwanja chenu atakikubali kabla ya kusaini kuliko baada ya kusaini.

Nanyi wafanyabiashara, ombeni mkataba wa maandishi hata kama ni wa ukurasa mmoja, tunzeni risiti na stakabadhi za malipo ya simu za kodi mliyolipa, na peaneni majina yenu mtaa kwa mtaa sasa hivi, wakati nyumba bado zimesimama. Wenyeviti wa mitaa waliopo hapa wana vitabu vya wakazi. Naomba kila mmoja wao afungue kurasa za shughuli katika kitabu hicho, aanze na mtaa ule ambao madalali wameshaanza kupitapita, na alete nakala kwa diwani kabla ya kikao kijacho cha kamati ya mipango miji. Mimi na wenzangu wa fani ya upangaji tuko tayari kusaidia kupima na kuchora bila malipo, na tutakaa hapa baada ya kikao ili tupange na wenyeviti ni mitaa ipi ianze.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.